Maswali ya Wasomaji: Mapigo Yameshuka, Kalori Nazo Zimekwenda Wapi?

Saa za mkononi zinazohesabu mapigo zimetuletea barua nyingi, na karibu zote zinagusa palepale: mtu anaona moyo wake umetulia, kisha anaona hesabu ya kalori nayo imeporomoka, anaingiwa na shaka. Tumechagua zile zilizokuja na takwimu, maana bila takwimu msomaji hujibiwa kwa kubahatisha.

Wahariri, hamjambo? Miezi minne iliyopita nilikuwa nakimbia kilomita 5 kwa dakika 40, moyo ukipiga wastani wa mara 162 kwa dakika. Leo njia ni ileile, dakika ni zilezile, mapigo ni 141. Nimefurahi, ila saa iliyokuwa ikiniandikia kalori 430 sasa inaniandikia 340. Uzito haujasogea, kilo 74. Ina maana mwili umezoea na mazoezi hayanisaidii tena? — Mkimbiaji wa Jioni

Hapana. Kalori unazochoma ni karibu zilezile. Kilichobadilika ni namna saa inavyozikisia.

Saa haioni kalori. Inaona mapigo, inachukua umri, jinsia, uzito na urefu uliojaza siku ya kwanza, kisha inakisia: mtu wa namna hii, moyo wake ukipiga hivi, huwa anatumia oksijeni kiasi hiki. Oksijeni ndiyo yenye hesabu ya kweli, kwa kuwa kila lita moja ambayo mwili unaitumia ni takriban kalori 5. (Kalori tunazozitaja hapa ni zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula, yaani kilokalori.) Kukimbia tambarare kwa kasi yako, kilomita 7.5 kwa saa, kunadai mililita 28.5 hivi za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kila dakika. Kwa kilo 74 hiyo ni lita 2.1 kwa dakika, sawa na kalori 10.5. Zidisha kwa dakika 40, unapata 420. Kasi hiyo inamdai hivyo aliyeanza jana na aliyekimbia miaka kumi, tofauti ikiwa ni asilimia chache tu, kwa kuwa mzoefu harukiruki juu wala hakazi mabega.

Sasa tazama upande wa moyo. Ili kufikisha lita hizo 2.1 za oksijeni kwenye misuli, moyo hulazimika kusukuma damu lita 15 na nusu hivi kwa dakika. Gawanya kwa mapigo 162: kila pigo lilibeba mililita 96. Gawanya kwa 141: mililita 110. Mabadiliko yote yapo hapo. Yanaanza mapema, ndani ya wiki mbili za mwanzo maji ya damu (plazma) huongezeka, na moyo hujaa vizuri zaidi kabla ya kusukuma. Kwa miezi inayofuata chumba chake cha chini cha kushoto hupanuka kidogo na kuta zake hupata nguvu, chembe nyekundu za damu huongezeka, na misuli ya miguu huota vishipa vidogo vipya pamoja na mitokondria zaidi, zile sehemu za seli zinazotumia oksijeni. Misuli ikishajua kunyofoa oksijeni nyingi katika kila tone la damu, hata hizo lita 15 na nusu zinaweza kupungua kidogo.

Kwa hiyo saa yako, iliyofundishwa kwamba mapigo machache ni kazi ndogo, inakudhulumu. Na huenda ndiyo iliyopatia mwanzoni, kwa sadfa tu.

Tumia umbali. Kukimbia tambarare ni kalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, juu ya zile ambazo ungezichoma ukiwa umekaa. Kwako ni 74 mara 5, yaani 370. Ongeza kalori 50 hivi ambazo mwili ungezitumia hata ukikaa tu kwa dakika 40, unarudi kwenye 420. Saa nyingi huandika jumla ya hizo mbili bila kusema, na mtu anayeijumlisha tena na matumizi ya mwili ya kutwa huwa amezihesabu hizo 50 mara mbili.

Ukitaka kalori zipande, usiyafukuze mapigo. Ongeza kasi au umbali. Kwa jitihada ileile iliyokuwa ikikupandisha hadi 162, huenda leo ukamaliza kilomita 6 ndani ya dakika zilezile 40. Hiyo ni 444 badala ya 370, na hilo ndilo siha inakupa: nafasi ya kufanya kazi kubwa zaidi.

Nina miaka 40. Nimeambiwa mapigo yangu ya juu kabisa ni 220 kutoa umri, yaani 180. Juzi nikipanda kilima kwa kasi saa iliandika 191. Je, nimevuka mpaka? Na mazoezi yakiendelea, mpaka huo utapanda? — Msomaji wa kilimani

Hakuna mpaka uliouvuka. Fomula hiyo inatoa wastani wa watu wa umri wako, na ni kawaida mtu kuwa juu au chini yake kwa mapigo 10 hadi 12. Ipo nyingine iliyotolewa mwaka 2001, ya 208 kutoa 0.7 mara umri, ambayo huwafaa zaidi watu wazima wa umri mkubwa. Lakini kwa miaka 40 nayo inatoa 180 vilevile. Fomula mbili zinakubaliana, na zote mbili huenda zimekukosa.

Kabla hujaiamini hiyo 191, fungua mchoro wa mapigo wa siku ile. Kama mstari ulipanda taratibu pamoja na kilima kisha ukashuka taratibu, ni wa kweli. Kama uliruka ghafla kutoka 150 hadi 190 ukabaki hapo umenyooka, saa ilikuwa ikihesabu hatua zako. Saa za mkononi husoma damu kwa mwanga, na zikivaliwa kwa kulegea, mtikisiko wa mkono huonekana kwao kama pigo. Vaa saa upana wa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, ikaze kiasi kwamba ngozi inasogea nayo. Mkanda wa kifuani unasoma umeme wa moyo wenyewe na hauna tatizo hilo, ilimradi ulowanishe zile sehemu zinazogusa ngozi.

Ukitaka kuijua namba yako halisi, na kama huna maumivu ya kifua, ugonjwa wa moyo wala historia ya kuzimia: pasha mwili moto dakika 15, kimbia mlima dakika 3 kwa nguvu, shuka ukitembea, rudia mara ya pili, na mara ya tatu malizia dakika ya mwisho kwa nguvu zako zote. Namba kubwa utakayoiona ndiyo yako, au imekaribia sana. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, au aliyekaa muda mrefu bila mazoezi aonane na daktari kwanza.

Mpaka huo haupandi kwa mazoezi. Hushuka polepole kwa umri, na kwa baadhi ya watu wenye stahamala kubwa hupungua hata kwa mapigo machache. Kinachoshuka hasa ni mapigo ya mapumziko, na kwa sababu hiyo katika kupanga mapigo ya kufanyia mazoezi tunapenda njia ya Karvonen kuliko asilimia tupu ya mapigo ya juu. Toa mapigo ya mapumziko kwenye yale ya juu, zidisha kwa asilimia unayoitaka, kisha rudishia yale ya mapumziko. Tuseme mapumziko ni 66 na juu ni 191: tofauti ni 125. Asilimia 60 ni 75, jumlisha 66, unapata 141. Asilimia 70 inakupa 153. Ungetumia ile 180 ya fomula ungeambiwa 134 hadi 146, ukajikuta unajizuia bure. Mapumziko yakishuka hadi 58, eneo lako linakuwa 138 hadi 151. Piga hesabu upya kila baada ya miezi miwili.

Mapigo yangu ya mapumziko yametoka 78 hadi 64. Mwenzangu wa mazoezi anasema moyo ukienda polepole mwili nao unachoma kalori chache hata usingizini, na ndiyo maana wanariadha wakiacha hunenepa. Ni kweli? Tena yashuke hadi wapi ndipo niogope?

Mwenzako amechanganya mambo. Ukiwa umelala mwili unataka damu lita 5 hivi kwa dakika, na bado unazipata. Mapigo 78 ya mililita 65 ni lita 5. Mapigo 64 ya mililita 79 ni lita 5. Ini, ubongo, figo na misuli havijui kwamba moyo umebadili mtindo, na wao ndio wanaotumia sehemu kubwa ya kalori za mapumziko. Ulichookoa ni mapigo 14 kila dakika, zaidi ya 20,000 kwa siku. Wanariadha wanaoacha hunenepa kwa sababu wanaendelea kula kama waliokuwa wakikimbia.

Kupima: asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani, kabla ya chai au kahawa. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba chenyewe, kina pigo lake. Hesabu dakika nzima. Wengi huhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, na pigo moja likiwapita wanakosea kwa manne. Chukua wastani wa asubuhi tatu.

Kawaida ya mtu mzima ni 60 hadi 100. Aliyefanya mazoezi ya stahamala kwa muda mrefu anaweza kuwa kwenye arobaini na kitu, na kama hana dalili yoyote hapo hapana ugonjwa. Dalili ndizo za kutazama kuliko namba: kizunguzungu, kuzimia, pumzi kukatika kwa kazi ndogo, moyo kupiga bila mpangilio. Ukiwa na mojawapo, nenda hospitali hata kama namba ni 64. Vilevile mtu asiyefanya mazoezi, ambaye mapigo yake yameshuka chini ya 50 bila sababu, hana haki ya kujisifu kwamba ana moyo wa mwanariadha. Akapimwe.

Kitu kingine: mapigo ya asubuhi yakipanda kwa 5 hadi 10 juu ya kawaida yako kwa siku mbili tatu, mwili unadai. Inaweza kuwa homa inayokuja, usingizi mchache, maji machache, au mazoezi yaliyopita kiasi. Tembea tu siku hizo.

Mimi ni mama wa miaka 52. Kwa kutembea tu, kilomita 6 kwa saa, dakika 45 kila siku kwenye mashine, nimetoka kilo 92 hadi 80. Sasa mizani imegoma wiki ya sita hii. Mapigo nayo yametoka 128 hadi 106. Nifanye nini?

Hongera, mama, kilo 12 kwa miguu yako mwenyewe si mchezo. Kushuka kwa mapigo hakukukwamisha. Kilichokukwamisha ni zile kilo 12.

Kutembea kwa kasi hiyo kwenye tambarare kunadai mililita 13.5 za oksijeni kwa kila kilo kila dakika. Ulipokuwa na kilo 92, dakika 45 zilikuwa kalori 279. Kwa kilo 80 ni 243. Umepoteza 36 kwa kila zoezi, na hizo ni chache. Kubwa zaidi ni kwamba mwili mdogo unatumia kalori chache saa zote 24, ukiwa jikoni, ukipanda ngazi, ukilala. Chakula kilichokuwa kikikupunguza kwa kilo 92 sasa kinakushikilia hapo ulipo.

Mashine yako ina kitufe cha mwinuko. Asilimia 2 tu, kasi ileile, inakupa kalori 308, zaidi ya ulizokuwa ukichoma kwa kilo 92. Asilimia 5 inafika 405. Anza na 1 kwa wiki nzima, kisha ongeza 1 kila wiki, na ukisikia kisigino au nyuma ya mguu kunavuta, rudi nyuma hatua moja. Mapigo yatarudi kwenye 120 na kitu, ndiyo tunayoyataka.

Halafu kuna kosa tunaloliona kila mara: kushika vyuma vya mashine. Ukiviegemea, mikono inabeba sehemu ya uzito wako, na ile 405 inabaki kwenye kioo cha mashine tu, kwako haifiki. Kama huwezi kutembea bila kushika, mwinuko ni mkubwa mno. Angalia pia kama mashine imepewa uzito wako wa sasa. Ikiwa bado inakujua kwa 92, inakupendelea.

Tazama na saa nyingine za siku. Wapo wanaomaliza mazoezi wakaona wamelipa deni, wakakaa mchana kutwa, na zile 243 zikaishia hapo.

Kwenye mashine kuna eneo limeandikwa «kuchoma mafuta», mapigo 110 hadi 125. Nikizidi hapo, siyachomi tena? — Kijana wa kitambi

Unayachoma. Kwa mwendo wa polepole mafuta ni sehemu kubwa ya kalori, lakini kalori zenyewe ni chache. Tuseme unatumia kalori 5 kwa dakika, asilimia 60 zikitoka kwenye mafuta: hizo ni 3. Ukipandisha hadi kalori 10 kwa dakika na mafuta yakashuka hadi asilimia 35, ni 3 na nusu. Na kitambi hakiangalii ulichoma nini dakika ile. Kinaangalia jumla ya kalori zilizoingia na zilizotoka kwa wiki. Eneo lile lina faida nyingine, kwamba unaweza kulikaa muda mrefu bila kuumia. Kadiri siha inavyopanda, kwa kasi ileile misuli huegemea mafuta zaidi na wanga kidogo, lakini jumla haibadiliki.

Nikikimbia saa moja na nusu kwa kasi isiyobadilika, nusu ya kwanza mapigo ni 140, mwishoni yanafika 156. Saa inasema mwishoni nachoma zaidi. Nifurahi?

Usifurahi sana. Jasho limepunguza maji ya damu, na sehemu ya damu imepelekwa kwenye ngozi kupoza mwili. Moyo unajaa kidogo kwa kila pigo, hivyo unaongeza mapigo ili ufidie. Kazi ya miguu ni ileile, kalori ni karibu zilezile. Ni kioo cha swali la kwanza: kule saa ilipunja, hapa inazidisha. Siku ya joto kali kosa hilo linaanza mapema zaidi, pengine tangu dakika ya 20.

Jipime kabla na baada, nguo ukiwa umezivua na mwili umefutwa jasho. Kila kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji. Ikizidi asilimia 2 ya uzito wako, kunywa zaidi njiani mara ijayo. Ukikuta uzito umeongezeka, ulikunywa kupita kiasi, na hilo nalo ni hatari. Kama maji yalitosha, hewa ilikuwa ya baridi na bado mapigo yalipanda kwa 16, basi kasi hiyo bado ni kubwa kwako kwa muda huo. Punguza kasi, kila kilomita ichukue sekunde 15 hadi 20 zaidi. Baada ya wiki nane za kukimbia hivyo mara moja kwa wiki, linganisha tena nusu ya kwanza na ya pili. Pengo hilo likipungua, stahamala imekua, hata kama mapigo ya mwanzo hayajasogea.

Natumia bisoprololi kwa ajili ya presha. Mapigo hayavuki 115 hata nikihema. Hizi hesabu zenu zinanihusu?

Za mapigo hazikuhusu, za oksijeni na umbali zinakuhusu. Dawa za kundi la beta-bloka, zikiwamo atenololi na propranololi, huufunga moyo breki ukiwa umepumzika na ukiwa kazini. Saa inayokisia kalori kwa mapigo itakuandikia chini ya ukweli kila siku. Usipunguze wala usiruke dozi ili «ufikie eneo». Kuiacha ghafla kunaweza kuzua maumivu ya kifua au kupandisha presha kwa kishindo.

Tumia pumzi. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, hiyo ni jitihada ya wastani. Ukiweza kutoa maneno matatu manne tu kabla ya kuvuta hewa, ni nzito. Na daktari wako akibadilisha dozi, andika tarehe kwenye daftari la mazoezi, la sivyo mwezi ujao utadhani siha imeruka au imeanguka kumbe ni kidonge.

Nimeugua mafua makali, nimekaa wiki tatu. Kasi yangu ya zamani sasa inanipeleka mapigo 12 juu zaidi. Miezi sita imepotea?

Haijapotea. Plazma hushuka haraka mtu akiacha, ndani ya wiki mbili, na ndiyo sababu ya sehemu kubwa ya hayo 12. Vishipa vya misuli na umbo la moyo haviondoki upesi hivyo. Subiri homa iwe imekwisha kabisa na mapigo ya asubuhi yarudi karibu na ya zamani. Wiki ya kwanza fanya nusu ya muda uliouzoea, ukifuata mapigo ya zamani na kuiachia kasi ishuke inavyotaka. Wiki ya pili robo tatu. Maumivu ya kifua, moyo kudunda ovyo au pumzi kukatika baada ya mafua ni jambo la kumwona daktari kwanza, kwa kuwa virusi vinaweza kuuvimbisha msuli wa moyo, na moyo uliovimba haufanyishwi mazoezi.